Mitungi Mia ya Bi Mize

Hapo zamani, mwaka ambao mvua iliusahau mji wa Mwambeni, Sultani alitoa amri kwamba kila nyumba ichote mtungi mmoja tu wa maji kwa siku, na atakayezidisha atolewe mjini. Basi mjini humo alikuwapo Bi Mize binti Shomari, fukara asiye na mbele wala nyuma, aliyefundisha watoto wadogo vipimo kwa kuchezea maji. Watu walimwona punguani. Uani kwake wanafunzi wake saba walimimina maji kutoka mtungini hadi katika beseni pana, wakayarudisha mtungini kwa kata, wakihesabu na kubishana ni chombo kipi chenye maji mengi, kile kirefu au kile kipana. Jioni Bi Mize akayapikia maji hayo hayo.

Sasa msimamizi wa kisima, Bwana Faki, alikuwa mtu aliyejaliwa bidii kuliko akili. Asubuhi moja alichungulia juu ya ukuta wa ua huo, na kila mtungi ulipomiminwa akafunga fundo katika uzi. Mafundo yalipotimia mia akaenda mbio kwa Sultani, akamweleza kwamba nchi inakufa kwa kiu, na Bi Mize ametumia mitungi mia kabla ya adhuhuri.

Bi Mize akaitwa, akajieleza, asisikilizwe.

"Mitungi mia uliyomimina," akasema Sultani, "mitungi mia utailetea baraza hii siku ya Ijumaa. Ukishindwa utatoka mjini kwangu, na watoto hao watafundishwa na Faki."

Bi Mize aliingiwa na hofu, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na hilo la Faki lilimuuma zaidi. Hata hivyo akainama.

"Nimesikia na nimetii, Seyyid. Na hesabu aifanye Bwana Faki mwenyewe, asije mtu akapunjika."

Ikawa Ijumaa, baada ya sala, Bi Mize akaja na mtungi wake kichwani, beseni, kata, na watoto saba. Sultani akauliza iko wapi mingine tisini na tisa. Bi Mize akamwomba awe na subira, maana mitungi huja mmoja mmoja. Kisha akamimina.

"Mmoja," wakasema watoto.

Wakayarudisha maji mtungini kwa kata, akamimina tena.

"Miwili."

Bwana Faki akafunga mafundo kwa uaminifu mkubwa. Ikawa wa ishirini, ikawa wa arobaini, pilau ya Sultani ikapoa jikoni, mawaziri wakasinzia, wala hakuna aliyethubutu kuikatiza amri ya mfalme. Ulipofika wa sitini na mbili, mfalme mwenyewe akashindwa.

"Ewe mwanamke, hayo ni maji yale yale."

"Ndivyo wasemavyo wanafunzi wangu wa miaka sita, Seyyid," akajibu Bi Mize, naye haachi kumimina. "Wa miaka minne bado wanabisha."

Sultani akautazama mtungi, akalitazama beseni, akaona aibu, maana alikuwa karibu amfukuze mtu kwa maji ambayo hayakwenda popote. Akamgeukia msimamizi wake, ambaye alikuwa ameinama anafunga fundo la sitini na tatu.

"Faki," akasema kwa upole, "una umri gani?"

Basi Bi Mize akabaki kwake, na Jumamosi asubuhi watoto wa uani wakawa wanane, mmoja wao ana ndevu.