Matanga ya Jaji Chui

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiti!

Kiti cha nani?

Cha anayekikalia!

Haya, sogeeni karibu. Wewe unayecheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutacheka.

Hapo kale wanyama walichoka kugombana, wakamteua Chui awe jaji wao. Wakala kiapo: "Jaji haondolewi kitini ila kwa kifo." Wakapiga makofi, pa pa pa! Wajinga wale. Walitaka jaji asiyeogopa mtu, wakampata.

Jaji Chui akakaa juu ya jiwe, kavaa joho jekundu. Kobe, karani wake, aliita jina. Mwenye jina aliitika, "Naam!" Kesi ikasikilizwa. Aliyeshindwa aliliwa kwa kosa lake, ng'wafu! Aliyeshinda aliliwa kwa shukrani, ng'wafu! Lakini tumpe haki yake: Chui hakula mtu bila hukumu, na asiyeitika jina lake hakuhukumiwa. Ila nani angethubutu kunyamaza?

Siku moja Pimbi, yule mdogo wa mapangoni, akaletewa wito. Kesho yake alitakiwa barazani, yeye na Ngiri, kwa ugomvi wa pango. Pimbi akapiga hesabu yake. Kushinda ni kuliwa, kushindwa ni kuliwa. Akamwendea Kobe.

"Mzee Kobe, tumwondoe."

"Tuliapa, mwanangu. Mpaka afe."

"Basi amekufa."

"Amekufaje? Nimemwona asubuhi hii akipiga miayo!"

"Mzee, maiti akiita, huitikiwa?"

Kobe akavuta shingo ndani. Kila mnyama anajua jambo hilo: maiti akikuita ukaitika, unamfuata. "Haitikiwi," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi waambie wote. Matanga yaanze."

Kulipokucha Chui akasikia vilio. Iii, iii, iii! Akatoka nje. Mkewe kakaa eda, kajitanda kaniki.

"Mke wangu, nani kafa?"

Kimya, jii. Yule mama alikuwa amechoka kufua joho lenye damu.

Chui akaenda barazani. Wanyama wamekaa chini, vichwa vimeinama. Kanga analia, "Ewe jaji wetu, umetutoka!"

"Sijawatoka! Niko hapa!"

Kimya, jii. Hakuna aliyegeuza hata sikio.

Chui akaita mwenyewe, "Pimbi!" Jii. "Ngiri!" Jii. Bila kuitika hakuna kesi, bila kesi hakuna chakula. Siku ya kwanza akalala njaa. Siku ya pili akalala njaa. Siku ya tatu akapita katikati yao, nyata nyata nyata, akamgusa Kanga bawa. Kanga akajikunyata, akasema tu, "Upepo wa leo una baridi."

Hapo Chui akaogopa. Hata mimi ningeogopa. Akapanda jiwe lake.

"Kesi ya leo," akasema, "ni kama Chui yu hai. Mwenye ushahidi kwamba yu hai, auseme sasa."

Jii.

Akangoja mpaka jua likawa utosini. Vilio tu, iii, iii. Chui akafuta machozi. "Mahakama imeona kwamba Chui amekufa."

Akavua joho, akalikunja vizuri, akashuka hadi kwenye kaburi walilomchimbia. Akalala chali. Likamtosha barabara. Wakafukia udongo, pwa, pwa, pwa. Hakupiga kelele hata moja, kwa kuwa hukumu ilikuwa yake mwenyewe.

Basi kiti hakikai wazi. Wakamteua Pimbi, maana ni mdogo, tena hula majani.

"Kiapo ni kile kile?" Pimbi akauliza.

"Kile kile."

Akavaa joho, likamzidi, likaburuta chini, kwaruu kwaruu. Akakaa juu ya jiwe. Lilikuwa bado na vuguvugu. Kobe akaita, "Kanga!"

"Naam!" Kanga akasogea mbele.

Pimbi akatabasamu. Wote wakayaona meno yake mawili ya mbele, na hakuna aliyekumbuka kuwa yalikuwa marefu vile.

Funzo, wanangu: jaji mpeni kiti mpaka afe, mtalala salama. Na jina lenu likiitwa, itikeni upesi. Ngano yangu imefika kwao. Iliyemkolea aende nayo nyumbani. Asiyeridhika, akakate rufaa kwa Pimbi.