Kisima Kimoja cha Walimu Watatu

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana nikimaliza sitamruhusu mtu aondoke bila kutoa hukumu. Na mkikosana humu ndani, mimi simo.

Walikuwapo walimu watatu wa sayansi, kila mmoja na shule yake ya msingi, wote kando ya mto mmoja. Mwalimu Nakijwa wa Shule ya Bondeni alijaliwa macho: huyo mama hapiti kwenye nyasi bila kujua nani kalala humo. Mwalimu Shekiondo wa Kilimani alijaliwa mkono mtulivu. Akipima kitu, kimepimwa. Mwalimu Kibacha wa Darajani alijaliwa mdomo, na mnawajua watu wa namna hiyo, anaweza kumfanya bahili akachinja.

Wakaitwa kwenye semina ya elimu ya mazingira. Sasa semina zina mtindo wake: watu wa shule moja hawaruhusiwi kukaa pamoja. Mnahesabishwa moja, mbili, tatu, kisha mnachanganywa, eti mjifunze kwa wenzenu. Ndivyo hawa watatu walivyoangukia kundi moja. Mkufunzi akawaambia, "Nendeni mkachunguze mto wenu. Kundi litakaloshinda, shule yake itachimbiwa kisima."

Shule yake. Shule ipi? Hakuna aliyeuliza, chai ilikuwa imeshaletwa.

Walianza na macho ya Nakijwa. Watoto wa mto mzima walikuwa wakiumwa matumbo na kuwashwa ngozi, na watu walisema ni kinyesi cha ng'ombe. Nakijwa akaingia majini, akageuza mawe sehemu baada ya sehemu akitafuta wadudu wadogo wanaoishi chini yake. Upande wa juu wa mto walikuwapo tele. Chini ya mahali wakulima wa kabichi wanapooshea mabomba ya kupulizia dawa, hakuna hata mmoja. "Ng'ombe hawaui wadudu hivi," akasema, "hii ni dawa ya shambani." Semina iligawa fulana na kofia, viatu vya mpira hawakukumbuka. Aliingia pekupeku, na leo anakojoa damu. Hospitali wamesema ni kichocho.

Ukafuata mkono wa Shekiondo. Semina ilimwazima karatasi nyembamba zinazoonyesha kwa rangi kama maji yana dawa ya wadudu. Akapima mto, dawa ikaonekana. Alitaka maji safi ya kulinganisha, akachota kwenye tangi la mvua la shule yake mwenyewe, maji aliyoyaamini. Nayo yalikuwa na dawa, imepeperushwa na upepo kutoka mashambani hadi juu ya bati. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona akichota. Akasema. Huo ndio ushahidi uliomaliza ubishi wa kinyesi cha ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hapandi juu ya bati. Tangi likatiwa kufuli siku hiyohiyo, na watoto wa Kilimani wakateremka mtoni na ndoo kwa mara ya kwanza.

Kisha mdomo wa Kibacha. Kwenye mkutano wa kijiji wakulima walikataa katakata, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kaka yake, tumbo moja. Kibacha akasimama.

"Kaka, bomba lako unaliosha wapi?"

"Mwalimu, usinivue nguo mbele za watu."

"Nimekuona kwa macho yangu, kaka. Waambie."

Yule mtu akainamisha kichwa, akakiri, na wenzake wakakiri mmoja mmoja. Wakakubali kuoshea mbali na mto na kupunguza dawa. Lakini kaka alizungushia miba chemchemi ya shambani kwake, ambako watoto wa Darajani walikuwa wakichota. Akamwambia Kibacha, "Nyumbani usikanyage. Mama akifa, utasikia kwa majirani."

Kundi likashinda, makofi yakapigwa. Hapo ndipo mkufunzi akagundua kwamba washindi wana shule tatu. Akacheka kidogo, akafuta miwani. "Kisima ni kimoja. Mto hautafaa kunywewa mpaka mvua nyingi zipite. Kubalianeni wenyewe, ninyi ni watu wazima. Mkishindwa, kinapelekwa wilaya nyingine."

Wakakaa chini ya bati la ukumbi, fulana zao zimeandikwa Mto Wetu, Uhai Wetu.

Nakijwa akaanza. "Uchafu wenu wote unaishia kwetu. Mimi nimemzika Mwanaidi wa darasa la tatu kwa maji hayo. Mnataka nimrudie mama yake mikono mitupu?"

Shekiondo akajibu bila kuinua uso, "Aliyekufa hanywi tena, mwalimu. Wangu wanakunywa maji ya mto leo, na wanayanywa kwa sababu nilisema kweli. Ningekaa kimya wangekuwa na tangi lao."

"Wangekuwa na tangi la sumu," Nakijwa akasema.

"Wangekuwa hawajui."

Kibacha, yule wa maneno matamu, akasema, "Ninyi mmepoteza maji. Mimi nimepoteza maji na mama. Bila mimi mngekuwa na wadudu wenu na karatasi zenu, na mabomba yangali yanaoshewa mtoni."

Lo, watu waliokula sahani moja siku zote za semina! Inaniuma kusimulia. Nakijwa akamwambia Kibacha kwamba kaka yake ni muuaji. Kibacha akamwambia kichocho alikitafuta mwenyewe. Hakuna aliyesema uongo hata kidogo, na hakuna aliyeomba radhi.

Sasa gari la kuchimba limefika pale njia tatu zinapoachana: moja inapanda Kilimani, moja inakwenda Darajani, moja inateremka Bondeni. Dereva hajazima injini. Walimu wamesimama mbalimbali, hawasalimiani, na nyuma ya kila mmoja wamejipanga watoto na ndoo tupu.

Haya, msinitazame mimi. Bila macho hakuna aliyejua, bila mkono hakuna aliyeamini, bila mdomo hakuna aliyeacha. Dereva anauliza aelekee wapi. Mjibu wewe, lakini ukishamwonyesha njia, wageukie watoto wa njia zile mbili nyingine, uwaambie kwa nini. Utawaambia nini?