Mlango Uliotangulia Barabarani

Aliyeng'oa mlango hapangi bei.

Mmelisikia neno hilo leo mnadani, pale yule mama alipomkemea mwanawe aliyemwambia mnunuzi kwamba lazima auze ng'ombe wake kabla jua halijazama. Mkacheka: mlango na ng'ombe, wapi na wapi? Kaeni basi. Neno hilo limetoka mbali, kule Unyamwezi, na waliolizaa hawakuwa wajinga. Chanzo chake ni hiki.

Mkokoteni ulikuwa umeshaondoka. Lubeleje, mwenye ng'ombe, alitembea kando yake na fimbo begani. Kalunde, binti wa nyumba, alitangulia na tenga la kuku kichwani. Na juu ya mizigo yote, juu ya vitanda na vinu na magunia, ulikuwa umelazwa mlango wa mninga, mpana, uliokuwa mweusi kwa kushikwa na mikono ya watu. Mihambo alisimama barazani akiutazama ukiteremka kuelekea barabara kuu. Mkewe, Nyamizi, alikaa kwenye ngazi na kibuyu cha maji mapajani. Nyuma yao nyumba ilikuwa wazi kama kinywa cha mzee. Mbuzi wa jirani aliingia, akazunguka, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

Walikuwa wanamngoja Ndaki.

Nyumba ile ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma na mabati. Kilichowahamisha ni ardhi. Shamba lao lilikuwa limechoka, na kisima kilibakiza tope. Shemeji yake Mihambo, aliyeishi bonde la mbali, alileta habari ya shamba la mpunga, ardhi nyeusi inayoshika maji. Mwenye shamba yuko tayari kuliuza, lakini atamngoja Mihambo mpaka mvua za kwanza tu. Basi nyumba ikiuzwa vizuri, shamba limepatikana. Hakukuwa na njia nyingine.

Ndaki, mfanyabiashara wa asali na nta, akaja kuitazama. Akagonga kuta, akachungulia paa, akataja bei iliyotosha shamba lote la bondeni. Mihambo akashika mkono wake palepale. Ndaki akasema ataleta malipo siku ya mnada, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Mihambo alijiona ameshafika. Mwalimu Budodi alipokuja kuuliza kama anaweza kuiona nyumba, alijibiwa akiwa bado njiani: "Umechelewa, mwalimu, imeshauzwa." Na kilabuni watu walipomuuliza habari za safari, Mihambo aliinua kibuyu cha pombe akasema, "Mvua hainikuti hapa! Hata ikibidi nitoke mikono mitupu, natoka!" Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini neno la kilabuni lina miguu, halilali lilikosemwa.

Siku moja kabla ya kuondoka, Mihambo alipochukua mtaimbo kwenda kuung'oa mlango, Nyamizi alimzuia.

"Baba Kalunde, Ndaki amekupa malipo ya kianzio?"

"Ndaki ni mtu mzima."

"Hata mtu mzima akilala hugeuka upande. Mlango ungoje. Mwambie mapema kwamba mlango haumo katika mauzo, kisha tuung'oe akishalipa."

"Mlango huu aliuchonga baba. Mgeni hauingii hata mara moja."

Katika ukoo wao ilikuwa hivyo: nyumba inaweza kubaki, mlango wa baba humfuata mwana. Nyamizi aliijua mila hiyo na hakuipinga. Alichopinga ni haraka. Lakini Mihambo alikuwa ameshaingiza mtaimbo. Bawaba zilikuwa na kutu, akakaza, na mwimo mmoja wa mlango ukatoka pamoja na matofali yake. Lubeleje, aliyeitwa kusaidia kubeba, aliguna, "Loo! Mlango mzito kuliko mahari ya dada yangu!"

Sasa Mihambo, pale barazani, aliiona baiskeli ya Ndaki ikipanda. Ilipokutana na mkokoteni ikasimama. Akamwona Lubeleje akielekeza fimbo nyuma, akicheka. Akamwona Ndaki akiuwekea mlango kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Alikaa hapo muda mrefu.

Ndaki alipofika alisalimia kwa adabu, akaiegemeza baiskeli, akatazama lile tundu.

"Nyumba niliyoiona mimi ilikuwa na mlango, ndugu yangu."

"Mlango ni wa baba. Nitakutengenezea mwingine."

"Lini?"

Mihambo aliokota kipande cha tofali, akakitupa pembeni.

"Na ukuta huu uliobomoka?"

"Fundi atauziba."

"Fundi wa nani?" Ndaki aliketi barazani, akavua kofia. "Mihambo, nikuulize jambo moja tu. Leo unalala wapi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa kisu. Mihambo alitazama barabara. Mkokoteni ulikuwa umefika kwenye kona. Ndaki akataja bei nyingine. Haikufika nusu ya ile ya kwanza.

"Sikuuzii!" Mihambo alipaza sauti. "Namrudia mwalimu!"

"Mwalimu anajenga kwake. Kuta zimefika kiunoni. Si ulimwambia imeshauzwa?"

Nyamizi akasimama. "Baba Kalunde, mwite Lubeleje arudi. Tutalala humu humu. Hapo mlangoni nitatundika mkeka. Tukitafuta, mnunuzi mwingine atapatikana."

Mihambo aligeuka. Majirani walikuwa wamesimama kwenye nyua zao. Jana walimchinjia kuku wa kuagwa. Asubuhi wanawake walimlilia Nyamizi na kumfunga kanga mpya kiunoni. Arudi kwao vipi, mtu aliyeshaliliwa?

"Nimeshaagana na watu," alisema.

"Kuagana si kufa," Nyamizi akamwambia.

Lakini aibu ilikuwa nzito kuliko ule mlango. Mihambo akanyoosha mkono, akapokea alichopewa, akashuka barazani bila kutazama nyuma.

Waliufikia mkokoteni mtoni, ng'ombe wakinywa maji. Mihambo aliketi juu ya jiwe, akafunika uso. "Ndaki ni mwizi," akasema. "Mwizi kabisa."

"Ndaki hakuvunja," Nyamizi akajibu. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Alikuta wazi. Bei hukupangiwa na Ndaki. Aliyeng'oa mlango hapangi bei."

Lubeleje alikuwa na mzaha mdomoni, akaumeza. Neno lile alilibeba, akawa analisema kila mnada aliofika na mkokoteni wake.

Shamba la bondeni lilinunuliwa na mtu mwingine. Mihambo alipata kipande cha mwinuko kando ya bonde lile, mahali maji hayakai, wakapanda mihogo. Walijenga kibanda cha miti na udongo, na mlango wa mninga haukuenea. Mihambo alikataa usipunguzwe. Ukaegemezwa ukutani, halafu ukalazwa juu ya mawe, Nyamizi akawa anaanikia mihogo juu yake. Ndaki alitia mlango wa mbao laini, akaziba ukuta, akaiuza nyumba kwa bei ile aliyoitaja mwanzo. Mwalimu Budodi alimaliza ya kwake akahamia. Lubeleje alipozeeka aliuza ng'ombe wake, na kamba hakuiachia mpaka malipo yalipofika mkononi. Kalunde aliolewa hukohuko bondeni. Hulima mpunga kwa kibarua katika shamba lile lile. Mihambo alifariki wakati wa kiangazi. Nyamizi alimfuata baadaye. Mlango ungali pale, juu ya mawe.

Basi mkilisikia tena mnadani, msiulize mlango na ng'ombe wapi na wapi. Aliyeng'oa mlango hapangi bei.