Kijumba Kilichokaa Kabatini

Wapendwa, kaeni. Ninyi mlio nyuma sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele haviumi mtu. Kabla hatujafika kwenye somo la leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo usianze kumgeukia jirani yako na kumkonyeza. Ila ukisikiliza vizuri, unaweza kumkuta mtu huyu amekaa kwenye kochi lako mwenyewe.

Palikuwa na mtunza stoo wa kiwanda cha chai. Miaka ishirini na miwili alishika funguo za stoo ile, na hakikupotea humo hata kifuniko cha chupa. Mameneja walikuja na kuondoka, yeye yuko pale pale. Ukitaka spana, lete karatasi iliyosainiwa. Ukileta karatasi, bado atakutazama mikono kwanza kama ni misafi. Mafundi walimwogopa kuliko meneja. Alipenda kuwaambia, "Mkishakitoa kitu kwenye nailoni yake, hakirudi tena kuwa kipya."

Na nyumbani kwake ni hivyo hivyo. Kochi lilikuwa na mwaka wa tano na bado limevaa nailoni ya dukani. Mgeni akikaa linalia, akiinuka linamng'ang'ania mapaja. Rimoti nayo imefungwa nailoni na mpira juu. Mnacheka? Ni wangapi humu ndani rimoti zao ziko uchi? Msiinue mikono, tumetembeleana, tunajuana.

Mtu huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka tisa. Baba simpi jina, lakini mtoto nitampa, maana sipendi kusimulia habari za mtoto kama nasimulia habari za mzigo. Tumwite Sekela. Sekela alizaliwa na selimundu. Wenye wagonjwa wa selimundu mnajua ninachosema. Wiki mbili mtoto mzima, anaruka kamba na wenzake. Wiki ya tatu mifupa inamchoma, vidole vinavimba, analia mpaka sauti inakauka. Shule mara nyingi alikuwa akiisikia kwa wenzake tu. Siku nyingi zilimkuta kitandani, anatazama dari.

Siku moja kiwanda kikamtuma baba mjini kufuata vipuri. Akamuuliza mwanawe, "Nikuletee nini, mama?"

Sekela akamwambia, "Usiniletee biskuti, baba. Niletee kitu cha kufanya."

Basi huko mjini, kwenye duka la vitabu, baba akakuta boksi kubwa limefungwa nailoni inayong'aa. Juu yake pana picha ya kijumba cha mbao, paa jekundu, madirisha sita, maua mlangoni. Kijumba chenyewe hakijajengwa, unakijenga wewe. Ndani mna vibao vyembamba vilivyokwisha kukatwa, rangi, brashi, gundi, na kitabu cha kukuelekeza ubandike nini wapi. Muuzaji akamwambia, "Hiki, mzee, wanajenga watu wawili. Mmoja anashika, mwenzake anabandika." Akakinunua pale pale. Tumpe haki yake, hakusita hata kidogo. Alilipakata boksi lile njia nzima, akakataa lisiwekwe kwenye buti pamoja na vipuri.

Sekela alipoliona alikaa kitandani mwenyewe bila kusaidiwa. "Tufungue, baba?"

"Subiri kwanza, mama," baba akasema. "Hiki si kitu cha kufungulia kitandani. Kipande kimoja kikianguka, kijumba chote kimeharibika. Kinataka meza, kinataka siku ya nafasi, na mikono yako ipone vizuri. Nitakaa na wewe mimi mwenyewe tukijenge."

Mnaona ubaya hapo? Mimi siuoni. Kila neno lina akili ndani yake. Akalichukua boksi, akaliweka kwenye kabati la vioo pale sebuleni, katikati ya vikombe vya wageni, akafunga, na ufunguo akautia kwenye kitita cha funguo zake za stoo.

Na jamani, lilipendeza pale! Kila mgeni aliyeingia alisimama kulitazama.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha Sekela. Nilimletea kutoka mjini."

"Kweli wewe ni baba!"

Shemeji yake, yaani mjomba wa Sekela, ndiye hasa hakuchoka kumsifu. Kila akija anakaa kwenye lile kochi linalolia, anatazama kabati, anatikisa kichwa, anasema watoto wa siku hizi wamebahatika. Baba anatabasamu. Ikafika mahali boksi likawa la wageni, na mwenye nyumba hajui.

Sekela naye akajipatia kazi. Siku akiwa na nguvu anasogeza kigoda mbele ya kabati anaitazama ile picha. Aliijua yote: dirisha lipi lina pazia, dirisha lipi halina. Siku moja akauliza.

"Baba, nyuma kuna nini?"

"Nyuma ya wapi?"

"Ya kijumba. Wameonyesha mbele tu. Nyuma kuna mlango?"

"Tutaona tukifungua."

"Kwani kwenye kitabu hawajaonyesha?"

"Kitabu kimo ndani, mama."

"Basi tutoe kitabu peke yake. Vibao tuviache."

Baba akacheka, akamsifu kwa akili zake, akavaa kofia akaenda kazini.

Mama Sekela hakucheka. Jioni ile, anachambua mboga, akamwambia mumewe, "Baba Sekela, mpe mtoto kitu chake."

"Kwani nimemnyima? Ni chake. Namtunzia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mikono ipone. Vipande vikipotea, huku kwetu utavipata wapi?"

"Vipotee," mama akasema. "Vipotee akiwa anavichezea."

Moyoni baba alimsikitikia mkewe. Alimwona mtu asiyejua thamani ya kitu.

Likizo ya mwezi wa sita ikaja, vidole vya Sekela vikavimba. Vidole vikapona, kiwandani kukawa na ukaguzi. Ukaguzi ukaisha, meza ya sebuleni ikawa imetandikwa kitambaa kipya, na gundi ikimwagika hapo je? Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia mpaka katikati. Mnadhani huyu baba alikuwa mkatili? Masika yale yote alimbeba binti yake mgongoni, kwenye matope, mpaka kituo cha afya. Mtoto alipohitaji damu, alitoa ya kwake, mara tatu. Damu alitoa, wapendwa. Nailoni ndiyo ilimshinda.

Sasa Alhamisi moja anarudi kazini, anamkuta Sekela ameamka, ameoga, amevaa gauni lake la kanisani. Kitambaa cha meza amekitandua mwenyewe na kukikunja. Viti viwili amevipanga, mkasi ameuweka katikati ya meza. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya baba yake, akaigeuza juu na chini.

"Leo haiumi, baba. Hata kidogo."

Baba alikuwa amechoka. Akaitazama mikono, akautazama mkasi. Nataka mjue kwamba aligusa funguo zake. Alizigusa kabisa. Halafu akachungulia dirishani, akasema, "Jua linazama, mama. Rangi hazitaonekana vizuri. Tuanze Jumamosi asubuhi, kwenye mwanga."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii."

Sekela akaurudisha mkasi mahali pake. Hakulia. Mtoto aliyezoea kusubiri halii.

Ijumaa mchana homa ikampanda, kifua kikambana, wakamkimbiza hospitali. Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye mwanga ule ule alioahidiwa, Sekela akafa.

Tulieni. Bado sijafika.

Makaburini ukasomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo kawaida yetu. Aliyeuandika ni yule mjomba. Akasoma tarehe ya kuzaliwa, akasoma kubatizwa, akasoma kuugua. Halafu akasoma hivi: "Marehemu alipenda kazi za mikono. Saa nyingi alizitumia kwa furaha akijenga kijumba alicholetewa na baba yake mpendwa."

Watu wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja akamshika baba bega. Mjomba hakukusudia kusema uongo, alisema alichodhani. Aliliona boksi, akamjua baba anavyompenda mtoto, yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Baba angeweza kusimama akasema, "Hapana, haikuwa hivyo." Lakini nani husimama makaburini kukataa sifa? Akainamisha kichwa, akazipokea. Na mama Sekela, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akanyamaza ghafla, akageuka, akamtazama mumewe.

Mama Sekela alisema siku ya tatu, matanga yalipokwisha na mgeni wa mwisho kutoka mlangoni. Ilikuwa mchana. "Wamekusifu mbele ya kaburi la mwanangu," akamwambia. "Sasa nenda kakifungue." Kisha akaingia jikoni.

Baba akafungua kabati. Akachukua mkasi ule ule, akakata nailoni. Hakikupungua kitu. Vibao vyote vipo, vimelala kwa namba zake. Brashi haijagusa maji. Akakitoa kitabu, akafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka ukurasa wa mwisho, na hapo akakiona kijumba kwa nyuma.

Nyuma hapakuwa na mlango. Hapakuwa hata na ukuta. Kijumba kile kimejengwa wazi kwa nyuma, makusudi, ili mkono wa mtoto uingie mpaka vyumbani. "Hakuna mlango, mama," baba akasema kwa sauti. Alimjibu mtoto swali lake, na mtoto hayupo.

Akasema moyoni, basi nitakijenga hivyo hivyo, nikakiweke kaburini kwake. Akashika gundi, akaiminya. Haikutoka. Akaitoboa kwa sindano. Haikutoka. Akachukua kisu akapasua ile tyubu, na ndani akakuta jiwe. Gundi ilikwisha kukauka kabatini, haijashika hata kibao kimoja. Akachukua kibao namba moja na kibao namba mbili, akavishikanisha kwa mikono. Alipoachia vikaanguka. Akavishikanisha tena, vikaanguka tena. Mama kule jikoni akavisikia vinaanguka mezani, mara ya tatu, mara ya nne. Hakuja kumshikia.

Mfano wangu umeishia hapo. Mlitaka umalizike vizuri? Na mimi nilitaka.

Sasa tuseme ukweli sisi kwa sisi. Sisi ni watu wa kutunza. Vikombe vizuri tunawatunzia wageni, na watoto wetu wanakunywa kwenye vilivyovunjika masikio. Hilo ni dogo. Wewe baba, kuna neno zuri unamtunzia mwanao mpaka afaulu. Wewe mama, kuna msamaha unamtunzia dada yako mpaka Krismasi, mkutane wote, muongee vizuri. Tunapendana, nani abishe? Upendo wetu upo, uko kwenye kioo, umefungwa vizuri, kila anayeingia anausifu. Tunangoja mikono ipone. Tunangoja mwanga.

Ndugu zangu, vibao vinakaa. Nyumba itakaa, kochi litakaa, picha ya harusi itakaa ukutani. Kinachokauka ni kile kinachotushikanisha, na hakikauki kwa kutumiwa, kinakauka kwa kungojewa. Siku yetu ikifika, wasifu utaandikwa na mtu aliyeliona kabati tu, nao utakuwa mtamu, na watu wataguna. Lakini hesabu ya mwisho hasomi mjomba. Mbele za Mungu atakayeulizwa ni Sekela.

Nilikuwa nimeandaa hoja nyingine mbili, naziacha. Matangazo mtayakuta ubaoni nje. Na msiniitikie Amina, maana Amina zetu nyingine nazo bado zimo kwenye nailoni. Jua bado liko juu. Nendeni nyumbani, kuna mtu keshapanga viti viwili.