Kikao cha Kuandaa Kikao

Mwaka huo, wasikilizaji wangu, mvua iliamua kuihama mbuga bila hata kuaga. Mto ukabaki mchanga mtupu, na wanyama wakalamba mawe kana kwamba mawe yana mchuzi. Nyumbani kwa Sungura, kitinda mimba wake alilia kwa kiu, lakini machozi hayakutoka.

Kila mmoja alijua maji yapo chini ya mchanga, ni kuchimba tu. Lakini Simba, ambaye kwa kiburi alitaka hata kivuli chake kimwamkie, akanguruma: "Sisi si panya wa kukurupuka! Kwanza kikao, tupitishe azimio. Atakayegusa mchanga kabla ya hapo atanitambua!"

Fisi akadakia, mate yakimchuruzika. "Umenena, Mzee! Ila kikao bila maandalizi ni vurugu. Iundwe kamati, na mimi mnyonge wenu nitakubali kuwa mwenyekiti. Tukutane kule kilimani, mbali na nyumbani, akili zitulie. Na kila kaya ilete chakula."

Basi weee! Kamati ikakaa. Ikajadili mikeka itandikwe ikielekea wapi, kisha ikala. Ikakaa tena, ikajadili nani aketi meza kuu, kisha ikala. Ikakaa tena kufanya mazoezi ya kupiga makofi. Ngiri akaambiwa makofi yake hayana adabu, yakarudiwa yote, kisha ikala. Wajumbe walikuwa wengi, lakini mlaji alikuwa mmoja.

"Mwenyekiti," Sungura akauliza, "ratiba ikoje?"

"Asubuhi, kujitambulisha, halafu chai. Baada ya chai, kuwatambulisha wale waliojitambulisha. Mchana, nyama. Jioni, tathmini ya nyama."

"Na maji je?"

"Ah, maji yamo kwenye mengineyo. Muda ukiruhusu."

Sungura alitamani kumzaba kofi. Mwanawe anakufa, mtu anapanga tathmini ya nyama! Akaimeza hasira yake, akashika njia mpaka kwa Simba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Kesho wewe ndiye mgeni rasmi. Nasikia utafika asubuhi na mapema, nikaona haya mimi. Mgeni rasmi akiwahi, watu husema hana shughuli."

"Nani hana shughuli? Mimi?" Manyoya yakamsimama Simba. "Nina shughuli tele! Wanisubiri mpaka jua linielekee usoni nikiwa nimelala!"

Siku ya kikao, chakula kikapangwa kilimani: mahindi ya kuchoma, viazi, asali, na rundo la nyama kavu ya chumvi aliyoileta Chui, wala usiniulize ilikuwa ya nani. Wote wakaketi. Mgeni rasmi haonekani, na bila mgeni rasmi hakifunguliwi kitu, hata kifuniko cha chungu.

"Mwenyekiti," Sungura akasema, "tusikae bure. Sisi twende bondeni tukafanye kazi ya vikundi. Wewe baki ulinde chakula."

Fisi nusura aruke kwa furaha. "Wazo la maana hilo! Nendeni, nendeni. Na msiharakishe kurudi."

Kufika mtoni, Ngiri akasita. "Ndugu yangu, tukichimba, Simba atatutafuna."

"Nani anachimba? Hii ni kazi ya vikundi. Kundi la kwanza mfukue, kundi la pili mbebe mchanga. Jadilini kwa kwato!"

Wakajadili haswa! Jua lilipoanza kuinama mchanga ukalowa, mara maji hayo. Sungura akakimbia nyumbani kumleta mwanawe, akamnywesha, na mtoto alipopata nguvu akalia tena, safari hii kwa machozi. Sungura naye akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Kule kilimani Fisi alikuwa amekwisha kufagia kila kitu, kaanzia na nyama ya chumvi. Koo lake likawa tanuri. Anainuka akimbilie mtoni, lo! Simba huyo, kifua mbele.

"Ketini nyote!" Simba akaamuru, ingawa aliyekuwepo ni mmoja. Akafungua kikao. Akasimulia kuzaliwa kwake, akasimulia manyoya yake, unyoya mmoja mmoja. Fisi akapiga makofi, ulimi nje, huku akiwaona wenzake kule bondeni wakinywa na kurushiana maji.

"Mzee, naomba nika—"

"Mgeni rasmi hakatizwi!"

Hotuba ilipokwisha, Simba akasema, "Sasa mwenyekiti atoe neno la shukrani, kisha tule."

Fisi akafumbua mdomo, lakini ulimi ulikuwa umekauka. Kilichotoka ni kicheko kikavu, hii-hii-hii! Simba akatazama vyungu vitupu, akatazama tumbo la Fisi.

"Chakula changu umekila, na bado unanicheka?"

Akamshushia kofi la kiuno, paaa! Ndiyo maana mpaka leo mgongo wa Fisi umeporomokea nyuma. Akachechemea mpaka mtoni, akakuta wote wamekwisha kunywa, Simba naye keshafika na kunywa. Tena anatangaza kwamba maji yale ni matunda ya hotuba yake, na waliokwisha kushiba hawakuona sababu ya kumbishia. Fisi akaachiwa tope, akalamba hilo hilo.

Mla kwa miwili hana mwisho mwema.