Gari Lililosaga Mahindi Hadi Hospitali

Hapo zamani, si zamani ya babu zenu bali ya juzijuzi tu, kule Tukuyu kwenye milima, alikuwepo kijana aitwaye Andengenye, mwenye gari. Lilikuwa gari la kawaida mpaka alipolifungia turbo ya kuliongezea nguvu. Tangu hapo likawa linakohoa kila kona na kutoa moshi mweusi. Wenzake wakamwambia, "Rekebisha namba kwenye kompyuta ya injini. Ndiyo inayoiambia injini inywe mafuta kiasi gani."

Andengenye hakujua kitu. Akatazama mafunzo kwenye simu, akaazima laptopu, akachomeka waya. Mwalimu wa kwenye simu alisema: hifadhi kwanza namba za zamani, kisha badilisha namba moja, endesha, sikiliza, ndipo ubadilishe nyingine. Andengenye akaona huo ni uoga. Akapakua mtandaoni faili lenye namba zilizokwisha pangwa, akalimimina lote, na namba za zamani zikafutika.

Kumbe faili lile lilikuwa la mashine ya kusaga.

Gari likaamini. Ukiliwasha halisogei, linatetemeka palepale kama linasubiri kitu. Jirani yao Tusekile, mwanamke mwenye mashine ya kusaga sokoni, akalisikiliza, akamwaga mahindi kwenye buti. Unga ukatoka kwenye ekzosi, sembe safi kabisa. Kina mama wakapanga foleni. Andengenye akalia kwa aibu, nyinyi msingelia?

Aliyeumia zaidi ni dada yake, Subilaga. Alikuwa mjamzito, mumewe yuko machimboni Chunya. "Kaka, uliniahidi gari hili litanifikisha hospitali," alisema. "Sasa nitapanda nini, unga?"

Siku ikafika. Uchungu ukamshika mchana, mvua inanyesha, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Hakuna gari jingine lililopita. Subilaga akajikokota hadi kiti cha nyuma, akasema, "Nisikilizeni. Naogopa sana. Atakayenifikisha, mwanangu atabeba jina lake."

Safari hii Andengenye akamtii mwalimu. Akabadilisha namba moja, gari likapiga chafya. Akabadilisha namba moja, wipa zikaanza kupiga makofi. Akabadilisha namba moja, gari likaondoka, ila kinyumenyume.

"Usiguse tena," akasema rafiki yake Gwakisa. "Hivyohivyo." Akakaa kwenye usukani, akageuza shingo, akaanza kupanda mlima kwa rivasi.

Gari bila mahindi lilisimama. Basi Tusekile akakaa kwenye buti, analilisha, kichwa amekiinamisha ili Gwakisa aone njia. Kila kona injini ilianza kugonga, na kila kona Andengenye alipunguza namba, ikatulia. Unga ukawarudia wote usoni. Katikati ya mlima mahindi ya kusaga yakaisha, gari likasimama. Subilaga akapiga kelele. Tusekile akatazama mfuko uliobaki, mbegu za kupanda msimu ujao, akaufungua, akamwaga zote.

Wakafika kwa makalio ya gari. Mlinzi wa hospitali akadhani wanatoka, akawafungulia geti na kuwatakia safari njema. Mtoto akazaliwa hapohapo ndani ya geti, wa kiume, mzima, ametapakaa unga kichwa hadi miguu.

Msimu wa mavuno ulipopita, Subilaga akawaita wote watatu.

Andengenye akasema, "Jina ni langu. Namba nilizibadilisha mimi. Bila mimi gari lingekuwa bado linasaga uani."

"Na nani aliyeligeuza mashine?" akauliza Gwakisa. "Jina ni langu. Nimevuka mlima kinyumenyume na shingo haijarudi mpaka leo. Kanisani mwili unamwelekea mchungaji, uso unawatazama waumini. Watoto wananiogopa."

Tusekile akasema, "Jina ni langu. Mlikuwa na namba, mlikuwa na shingo, na mlisimama katikati ya mlima. Msimu ule sikupanda. Wanangu walikula kwa majirani."

"Mama, huyu ni wa kiume," akasema Andengenye.

"Mbegu zangu hazikuuliza."

Subilaga akafikiri siku ile, akafikiri mwaka ule. Akimpa mmoja, anawadhulumu wawili. Akimpa mtoto majina yote matatu, ameivunja ahadi, maana aliahidi jina la mmoja. Kwa hiyo hakumpa lolote. Mtoto akatambaa anaitwa Wewe. Akatembea anaitwa Wewe. Ukiita "wewe" pale kijijini, anageuka yeye na watu wengine wote.

Sasa amekua, Jumatatu anaanza shule, na mwalimu amesema hamwandikishi mtoto asiye na jina. Jana alinijia mwenyewe, viatu vipya mkononi, akaniuliza polepole, "Babu, mimi ni nani?" Nikakohoa. Nikamwambia asubiri, nikawaulize watu wenye akili.

Yuko hapo nje mlangoni, ameegemea ukuta, anasikiliza. Haya, mnaocheka, semeni kwa sauti asikie: kati ya aliyebadilisha namba, aliyepoteza shingo na aliyemwaga mbegu, ni nani aliyemfikisha? Je, mtoto huyu aitwe nani?