Divai Iliyolala Nyuma ya Viazi

“Mwonja mapema asimwage.” Mmemsikia shangazi yenu akiitamka methali hii leo alipokuwa akimtetea mkwe mpya, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Basi tulieni. Ilianzia huku huku kwetu milimani, kwenye baridi ya kung’ata masikio.

Leokadia alikuwa mjane. Mumewe, Onesmo, alimwachia shamba la zabibu nyeupe ziitwazo Rizlingi, zipendazo baridi. Alizipanda, akazipalilia, akafa kabla ya kuonja divai yake. Leokadia akazikamua mwenyewe kama alivyoelekezwa na marehemu, akaiacha divai ichachuke mpaka sukari yote ikaisha, kisha akaitia kwenye chupa.

Sasa, sisi ni watu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi hugemwa asubuhi na jioni umeshanywewa; ukizidi ukali, wapewe nguruwe. Kwetu kinywaji huhukumiwa siku kinapofunguliwa, na mkubwa wa ukoo akishasema, amesema. Mkubwa huyo alikuwa Mzee Filberti, kaka wa marehemu. Alipiga funda moja, uso ukamkunjamana.

“Shemeji, hii ni siki! Meno yamekufa ganzi. Mwaga yote, kisha ung’oe mizabibu tupande viazi.”

Leokadia alilia kama aliyefiwa mara ya pili. Hata hivyo alikubali kumwaga. Tatizo ni kwamba chupa alikuwa amezihifadhi ndani kabisa ya shimo la viazi vya mbegu, lile lililochimbwa ubavuni mwa mlima, na magunia yalikuwa yameshapangwa mbele ya chupa hizo hadi juu. Nani ahamishe magunia yote yale kwa ajili ya siki? Kazi ikaahirishwa. Na kwa kuwa mzee alisema amwage kwanza ndipo ang’oe, Leokadia naye, mjanja yule, hakugusa hata mzabibu mmoja. Mavuno yakapita, magunia mapya yakaingia kabla ya ya zamani kwisha, miaka ikaenda.

Ukaja msimu ambao mbegu zote zilipandwa, shimo likabaki tupu. Mzee Filberti akafika na jembe begani.

“Leo hakuna kisingizio, shemeji.”

“Sina,” Leokadia akajibu. “Ila tumuage Onesmo kwanza. Funda moja tu.”

Mzee akakubali, chupa ikafunguliwa. Mzee akanusa, akarudi nyuma.

“Inanuka mafuta ya taa!”

Lakini mzee alikuwa ameshakubali kumuaga mdogo wake, kwa hiyo akafumba macho akanywa. Akanywa tena, taratibu, kisha akasogeza kikombe kiongezwe.

“Ukali umekwenda wapi? Naona ndimu, naona asali. Umetia asali?”

“Sijatia kitu, shemeji. Ililala tu.” Hata ile harufu ya mafuta ya taa ni ya Rizlingi iliyokomaa, ingawa siku ile hawakujua.

Mzee akaliweka jembe chini. “Ee Mungu wangu! Na mimi nilitaka tuimwage.”

Leokadia akaketi palepale juu ya kreti, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku ya kwanza, akacheka huku machozi yakimtoka. Shamba la Onesmo lilikuwa limepona.

Jembe lile halikurudi bila kazi. Mzee Filberti aliingia nalo kwenye mizabibu, akapalilia hadi jua likaelemea magharibi, na kila aliyepita njiani akishangaa, alimwambia neno hilohilo: “Mwonja mapema asimwage.”